Formasyo ya C# pale Ibanda, dola 25: Jumamosi ya tatu tamu, ya nne eish

Bandugu, nimemaliza ile formasyo ya C# (lugha ya kuandika programu za kompyuta) ya Jumamosi nne hapa Bukavu, na benye bananiuliza kama inafaa dola 25 jibu ni ndiyo, ila kuna siku moja ilinichoma.

Sifa kwanza. Jumamosi ya tatu mwalimu alileta jeneriki, yaani kodi yenye inaacha nafasi T ya kujazwa aina ya data baadaye, mimi nilikuwaga naandika <T> tu kama sala ya Kilatini. Akatengeneza klasi (ramani ya kuumbia vitu ndani ya programu) Beseni<T>, akaita metodi (kitendo cha klasi) Pima() juu ya T, kompaila (programu yenye inakagua na kutafsiri kodi) ikakataa, juu kwake T inaweza kuwa chochote, hata tarehe. Akaongeza sharti where T : Samaki, yaani T lazima iwe klasi Samaki au mtoto wake, na papo hapo Pima() ikakubali. Ukitaka kuumba kitu kipya kwa new T() humo ndani unaweka new() mwisho wa masharti, na ndani ya masharti hayo klasi ni moja tu, inakaa mbele ya intafesi (orodha ya metodi zenye klasi inaahidi kuwa nazo). Halafu tukaandika BeseniDogo<T> : Beseni<T>, makosa nyekundu kila mahali! Kumbe klasi mtoto, BeseniDogo, anarithi metodi lakini sharti la T haliji lenyewe, unaliandika tena. Kosa hilo lilikuwa limenikalia kwa kazi wiki mbili bana.

Sasa ya nne. Mwalimu akasema Sambaza (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu) ni Samaki, basi orodha List<Sambaza> ni List<Samaki>. Kompaila ikakataa, akasema mashini yangu iko na virusi. Ya jirani pia, virusi. Kabla tujaribu ya tatu umeme ukaenda, grupu (jenereta) haina mafuta, tukarudi nyumbani.

Njiani nikapita kwa mama wa sambaza nikaelewa yote. Beseni yake ukiiita ya samaki tu, mtu ana haki ya kutupa tilapia humo, na mwenye alikuja kununua sambaza atasema nini? Ndiyo List inakataa. Lakini IEnumerable<Samaki> inapokea list ileile bila shida, juu hiyo ni intafesi ya kusoma vitu tu: pale unatoa tu, hakuna mwenye anaingiza, ni lile neno out la jeneriki lenye lilikuja na C# 4 mwaka 2010. Nilimwandikia mwalimu kwa WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo.

Viti ni vya mbao na pikipiki zinapiga kelele dirishani. Beba mashini yenye betri nzima, na kama watakubali ulipe Jumamosi ya tatu peke yake, lipa hiyo.