Mwaka mzima na kaunsili yetu: nyota mbili, na moja ni ya dada wa simu

Kabla hamjaniuliza kwa nini naipa serikali nyota kama vile ni mgahawa: nalipa kaunsili, yaani halmashauri ya hapa, kodi ya pauni 179 kwa mwezi. Nitajieni mgahawa hapa Uingereza ambao mie nimewahi kuupelekea pauni 179 kwa mwezi. Basi na mie ni mteja, na mteja ana haki ya kusema chumvi imezidi.

Tunakaa mji mdogo wa katikati ya Uingereza, jina lake naliacha kwa kuwa bado naishi humo. Nyumba ya kupanga, vyumba viwili, daraja B. Bili ya kodi ya kaunsili huja Machi, hulipwa mara 10 kuanzia Aprili hadi Januari, Februari na Machi unapumua. Hiyo miezi miwili, kwa haki ya Mungu, ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Mama yangu kule Tanga kodi yake ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021. Ananunua umeme, anaguna, yameisha. Huku mpangaji ndiye mlipaji, mwenye nyumba hana habari. (Najua, na kule wapangaji walilia hivyo hivyo: LUKU wanunue wao, kodi iwe ya nyumba ya mwenzao.)

Hilo daraja B nalo lina kisa. Maana yake ni kwamba nyumba hii ingeuzwa kati ya pauni 40,001 na 52,000 tarehe 1 Aprili 1991. Ndiyo, 1991. Mie nilikuwa darasa la pili. Nyumba za England hazijathaminiwa upya tangu siku hiyo, kwa sababu waziri atakayethubutu anajua nusu ya nchi itamwandama. Mawaziri wanakumbuka yaliyotokea. Hawa waliowatoza babu zetu kodi ya kichwa, waziri mkuu wao Thatcher alipowaletea kodi ya kichwa wao wenyewe mwaka 1990, walivunja vioo Trafalgar Square, na kabla ya Krismasi mama wa watu alikuwa amekwishafungasha. Hii tunayolipa leo ilikuja 1993 kupoza moto, na hakuna aliyeigusa tena kwa maana. Ndiyo maana Westminster, kwenye Bunge na majumba ya mamilioni, nyumba ya daraja D hulipa chini ya nusu ya wastani wa England, ambao mwaka 2025 ulikuwa pauni 2,280. Nikiwaambia watu kazini hili wanadhani nimetunga.

Sasa huduma yenyewe.

Mapipa. Tuna meusi, tuna ya buluu, na la kahawia la majani ya bustani. La kahawia lilikuwa bure, siku hizi lina ada yake ya mwaka juu ya kodi. Baba Salma akasema hatulipi, majani tutayatupa kwa gari. Hatuna gari. Lile la buluu liliwahi kuachwa nje na stika nyekundu, eti limechafuliwa. Nikalipekua kwa glavu za kazini, nikakuta mfuko mmoja wa plastiki chini kabisa. Wiki mbili tumekaa na makopo kwa ajili ya mfuko mmoja! Hata hivyo sisemi sana, maana majirani zetu wa Birmingham waliona makubwa. Wazoa taka waligoma moja kwa moja kuanzia Machi 11, 2025, na kufikia mwisho wa mwezi tani 17,000 zilikuwa barabarani. Mji huo huo ulikuwa umetangaza Septemba 2023 kwamba mapato yake hayatoshi matumizi, ukapandisha kodi karibu asilimia 10 mwaka uliofuata na asilimia 7.49 mwaka ule wa mgomo na panya. Mama alipoona picha kwenye WhatsApp aliniuliza: "Mwanangu, na huko takataka mnazilipia?"

Nikapiga simu kuhusu ile stika. Dakika 41 za muziki wa kinanda, kisha akapokea dada mmoja mpole, akacheka, akaniahidi lori Alhamisi, na Alhamisi likaja. Nyota ya kwanza hiyo, ni yake binafsi.

Nikaona niutumie upole wake, nikamtajia na shimo la mtaani kwetu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nina kaunsili mbili. Wilaya inazoa taka na ndiyo inayoniletea bili, lakini barabara ni za kaunti, na sehemu kubwa kabisa ya zile pauni 179 inapita kwa wilaya kama mgeni wa njia, inakwenda kaunti. Nikaripoti kaunti. Baada ya wiki tatu akaja kijana mwenye koti la njano, akachora mstatili mweupe kuzunguka shimo, akapiga picha, akaondoka. Nikafurahi. Mvua za Novemba zikaja, za Desemba zikaja. Sasa shimo limekua hadi limeumeza mstari wa mbele, na upande wa pili rangi imefutika. Wakija leo itabidi wachore upya. Serikali ya Labour imesema tangu Desemba 2024 kwamba itaunganisha hizi kaunsili za ngazi mbili ziwe moja. Naunga mkono, angalau shimo litakuwa na mwenyewe.

Lakini subirini, maana hapa ndipo ninapojikuta nabishana na nafsi yangu.

Mie nabeba boksi la ukeya, yaani kazi ya kutunza wazee majumbani. Asubuhi saa moja niko kwa mzee wa kwanza: kumwamsha, kumwosha, dawa, chai. Wengine nimepewa dakika 15 tu, na mtu mwenye miaka 88 soksi peke yake ni dakika nne. Anayenilipa ni wakala, anayemlipa wakala ni kaunti, na kaunti inalipa kwa kodi hii hii. Hela yangu inatoka benki, inazunguka mjini, inarudi kwangu ikiwa imekonda. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kaunsili "inakula" hela, huuliza: inakula wapi? Sehemu kubwa ya bajeti ya kaunti ni wazee, walemavu na watoto wasio na walezi, na hayo sheria imewalazimisha. Kinachobaki ndicho kinachogombaniwa na mashimo, maktaba na mabasi. Bila kura ya maoni kaunti kama yetu haiwezi kupandisha zaidi ya asilimia 4.99 kwa mwaka, kwa hiyo kila mwaka inapandisha 4.99 ile ile, kama konda anayejua nauli ya juu ni ipi.

Wanasiasa wa London wao hukata mkono ukiwa mbali. Mwaka 2024 Rachel Reeves, akiwa waziri wa fedha, aliwaondolea mamilioni ya wazee pauni 200 au 300 za kupasha nyumba moto. Majira yale ya baridi nilimkuta mzee wangu mmoja amekaa kitini na makoti mawili, kidole kwenye swichi ya hita, anaiangalia tu. Juni 2025 serikali ikageuka, wengi wakarudishiwa. Na Julai mwaka huo huo ikafunga visa za kuleta makeya wapya toka nje. Atakayemvua mzee yale makoti mawili ni nani, hilo hawakulisema.

Kuna jambo moja naipa nchi hii nyota kamili. Sina uraia, nina pasi ya Tanzania na ukaazi wangu, na napiga kura, kwa kuwa tuko Jumuiya ya Madola. Mnyarwanda naye anapiga, wao waliingia 2009. Rafiki yangu Mkongomani yuko hapa miaka 14, kodi analipa sawa na mie, kura hana. Mei 2025 nilikwenda kituoni na pasi yangu. Karani akaifungua kurasa zote kana kwamba anatafuta picha ya twiga, kisha akanipa karatasi. Ndani tulikuwa wanne, pamoja na mbwa. Siku ile chama cha Nigel Farage, Reform UK, kiliondoka na kaunsili 10 nchini, kikiahidi kufyeka ubadhirifu. Nawakaribisha zamu yangu ya asubuhi waje waniambie soksi ipi ni ubadhirifu.

Nyota mbili basi: ya dada wa simu, na ya ile karatasi ya kura.

Juzi imekuja barua nyingine. Pipa la kahawia ambalo halijalipiwa ni mali ya kaunsili, watalifuata. Mie nilishalitoboa chini na kulijaza udongo, nimepanda mchicha. Waje, ila waje baada ya Agosti, sasa hivi ndio kwanza umechipua.