Penseli za kale za kimakanika: ipi ya kuanza nayo

Kabla hujatazama dhahabu, nakshi au jina, ulizia saizi ya risasi, yaani kijiti cha kuandikia kilichomo ndani. Penseli nyingi za kale zinazouzwa kama mbovu zimeziba tu: mtu alitia risasi isiyo yake, ikavunjikia ndani. Hadi miaka ya 1930, saizi iliyoenea zaidi ilikuwa milimita 1.18, yaani inchi 0.046. Baadaye ikaja 0.9, na miaka ya 1960 Wajapani wakaeneza 0.5. Risasi ya 0.9 ikiwekwa kwenye mdomo wa 1.18 huteleza na kurudi ndani mara tu unapoandika. Ya 1.18 bado inatengenezwa, na ndiyo msingi wa mpangilio wetu.

Nafasi ya kwanza tunaipa Eversharp. Ilibuniwa na Charles Keeran na kutengenezwa na kampuni ya Wahl ya Chicago, ikauzwa kwa mamilioni, kwa hiyo huhitaji kugombania moja. Ukikosa hii utapata nyingine. Chagua ya chuma yenye saizi ya 1.18. Muombe muuzaji akuonyeshe mambo mawili: kichwa kikizungushwa, pini ya kusukuma risasi itokeze mdomoni, na mdomo wenyewe usiwe umepinda wala kupasuka. Kichwa kikizunguka bila pini kusogea, mtambo umelegea ndani, na kuutengeneza ni kazi ya fundi. Pini isipofika mdomoni huku kichwa kikiwa kizito, mara nyingi ni kipande cha risasi tu. Hicho kitoe kwa waya mwembamba kuliko tundu, ukiuzungusha taratibu kwa vidole. Usiugonge, maana mdomo ukitanuka hautashika risasi tena. Mafuta nayo usitie: huchanganyika na unga wa risasi yakawa tope zito.

Ya pili ni Fixpencil ya Caran d'Ache, iliyoanza Geneva mwaka 1929. Hutumia risasi ya milimita 2 inayoshikwa na taya ndogo, na ni nadra kuharibika. Bonyeza kichwa, taya zifunguke. Achia, kisha sukuma risasi kwa kidole. Ikirudi ndani, taya ni chafu au zimelika. Zisafishe kwanza kwa brashi kavu. Kwa anayetaka penseli ya kale ya kuchorea kila siku, hii ingekuwa ya kwanza. Kwa mkusanyaji ina aina chache za kutafuta.

Ya tatu, Yard-O-Led, ilianza London mwaka 1934. Ndani hubeba vijiti 12 vya risasi, kila kimoja inchi 3, jumla yadi moja kamili. Ni ubunifu wa kupendeza mno, lakini ndiyo inayochosha kusafisha: nafasi hizo 12 zimepangwa kuzunguka mtambo, na kijiti kimoja kilichovunjika hukwamisha vingine. Usinunue bila kuona mtambo umetolewa nje ya ganda.

Mordan iache ya mwisho, ingawa ndiyo yenye historia ndefu. Sampson Mordan na John Isaac Hawkins walipata hataza yao London mwaka 1822, na kiwanda kiliangamizwa kwa mabomu mwaka 1941. Alama za SM na GR pamoja ni za kipindi cha ubia wa Mordan na Gabriel Riddle, uliokwisha miaka ya 1830. Risasi zake za zamani zina saizi zisizouzwa kwa urahisi leo, kwa hiyo wengi hununua penseli hizi kwa ajili ya madini ya fedha na nakshi. Kwenye fedha ya Uingereza tafuta simba anayetembea na herufi ya mwaka. Zikiwa zimefutika kwa kung'arishwa, bei ishuke. Majina ya wenyewe yaliyochongwa hupunguza bei pia, na aliyejaribu kuyasugua ameifanya fedha iwe nyembamba pale: tazama kwa kuinamisha penseli kwenye mwanga, utaona bonde.

Zile za rangi za miaka ya 1920 na 1930 mara nyingi ni seluloidi, aina ya plastiki ya kale. Hushika moto upesi, na asetoni (kiondoa rangi ya kucha) huiyeyusha, kwa hiyo usijaribu kuzibua mdomo wake kwa kiberiti wala kwa asetoni. Kitambaa chenye unyevunyevu kidogo kinatosha. Ikinukia kafuri kidogo hakuna shida. Yenye nyufa nyingi ndogo kama utando ndani ya rangi imeanza kuoza. Iache hapohapo, na ukiwa nayo tayari, usiihifadhi kwenye sanduku moja na nyingine.