Gould na Bach: rekodi ya 1955 au ya 1981?
Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, alirekodi Goldberg Variations za mtunzi Bach (wimbo wa mwanzo uitwao Aria, kisha sehemu 30 zinazoubadilisha) studioni mara mbili, zote New York. Ya 1955, akiwa na miaka 22, inakwenda mbio: dakika 38 hivi, marudio yote, yaani vipande vilivyoandikwa vipigwe mara mbili, kayaruka. Ya 1981 inafika dakika 51, sababu moja ikiwa kwamba baadhi ya marudio anayapiga. Linganisha Aria ya mwanzo: kwanza haikufika dakika mbili, baadaye ikapita tatu, kila noti imeachwa ipumue. Ajabu ni sehemu ya 25, ile ya majonzi. Gould kijana, wa 1955, ndiye aliyeivuta zaidi! Kuimba kwake chinichini akipiga piano kunasikika, wapo wanaokereka. Mgeni aanze na ya 1955. Mimi nachagua ya 1981.