Logitech Ergo K860: vifundo vinapona, bega bado

Kibodi hii ilitoka Januari 2020 kwa dola 129.99 za Marekani, usafiri na ushuru mbali. Ni pesa nyingi, na anayeilipa huwa ni mtu anayeamka usiku vidole vimekufa ganzi.

Kwenye kibodi bapa, viganja hupinda kuelekea kidole cha mwisho ili vidole vifikie vitufe. Ukisimamisha ile miguu midogo ya nyuma, vinakunjika kwenda juu pia. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha kano 9 na neva moja. Kiganja kikikaa kimekunjwa, mgandamizo humo ndani unapanda na neva inabanwa, ndipo ganzi inaposhika gumba, kidole cha shahada na cha kati. K860 imetenga herufi pande mbili na kuinuka katikati, kwa hiyo mikono inaingia kwa mshazari na kifundo hakipindi. Hapo imefanya kazi nzuri sana.

Miguu yake iko mbele, upande wa mtumiaji, yenye vimo viwili: nyuzi 4 na nyuzi 7. Wengi huisimamisha siku ya kwanza na kuanza kulalamika. Ifunguliwe tu kama viwiko viko juu kuliko vitufe, mfano ukichapa umesimama. Meza ikiwa juu na kiti kikiwa chini, miguu hiyo inakulazimisha kukunja viganja kwenda chini. Pandisha kiti kwanza, uweke ubao chini ya nyayo kama zinaning'inia, kisha laza rula juu ya mgongo wa kiganja na mkono. Ikilala bila kuacha pengo, umepata.

Mto wa viganja haubanduki. Ni wa kupumzikia kati ya sentensi. Ukiukandamiza huku unachapa, unabana neva ileile kutokea chini.

Kasoro kubwa ni sehemu ya namba upande wa kulia, nayo haibanduki. Kibodi ina upana wa karibu sentimita 46, kipanya kinasukumwa mbali, na mkono ulionyooshwa kando siku nzima huumiza bega na shingo. Mhasibu avumilie, ahamishie kipanya kushoto. Mwandishi asiyehitaji namba atafute iliyogawanyika kabisa isiyo na sehemu hiyo, kama Kinesis Freestyle2.

Betri ni AAA mbili, na inaunganishwa na vifaa vitatu kwa bluetooth au kipokezi cha USB. T, G na B ziko kushoto; aliyezoea kupiga B kwa mkono wa kulia atakosea kwa siku kadhaa.

Kama ganzi iko kwenye kidole cha mwisho, usiinunue kwa sababu hiyo. Neva ya kidole hicho mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko. Angalia kwanza kama unaviegemeza viwiko kwenye ukingo wa meza au mkono wa kiti usio na sponji.