Kilonyutoni 40 Zilizopotea: Uzoefu Wangu na Programu ya Kukokotoa Boriti

Nimesimamia mafundi kwenye saiti za Kampala na vitongoji vyake kwa miaka mingi, na sijawahi kuaibishwa na pima maji, nyundo wala mashine ya kuchanganyia zege kama nilivyoaibishwa na programu ya simu ninayoieleza hapa. Jina lake sitalitaja, maana hasira yangu haijapoa na sitaki iniandikishe kisichonipasa.

Kazi ya programu hiyo ni kukokotoa nguvu za mkato (zile zinazotaka kuikata boriti) na momenti za kupinda (nguvu mara umbali, zile zinazotaka kuipinda) katika boriti zilizobebeshwa mizigo. Unachora boriti kwa kidole, unaweka maegemeo, yaani mahali boriti inapokalia, unapanga mizigo, na kufumba na kufumbua inakuletea michoro yote miwili. Nililipia shilingi 45,000 za mwezi mmoja kwa pesa za simu, na majuma ya mwanzo niliisifu kwa kila aliyetaka kusikiliza, na kwa wengine ambao hawakutaka. Boriti ya kawaida iliyoegemea ncha zake mbili haikuikosea hata mara moja. Nilikuwa nikiihakiki kwa kalamu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, mzigo wa kila mita mara urefu mara urefu, gawanya kwa nane, na jibu la simu lilikuwa lilelile. Baada ya muda nikaona kuhakiki ni kujichosha bure, nikaacha.

Tulikuwa tunajenga nyumba ya ghorofa upande wa Bweyogerere, msimu wa mvua ukiwa umetubana. Boriti moja ilitoka kwenye ukuta wa sebule, ikapita juu ya nguzo iliyo mita 4 kutoka ukutani, kisha ikachomoza mita 2 zaidi hewani ili kubeba roshani. Mzigo wake, pamoja na uzito wa boriti yenyewe, ulikuwa kilonyutoni 20 (kipimo chetu cha nguvu) kwa kila mita tangu mwanzo hadi mwisho. Injinia alikuwa amechora nondo nene upande wa juu wa boriti, pale inapopita juu ya nguzo, na alikuwa amezirudisha ndani kuelekea sebuleni kwa urefu ambao mwenye nyumba aliuona kuwa ni israfu. Mwenye nyumba huyo alikuwa akihesabu nondo mojamoja zikishushwa kwenye lori, nami simlaumu, kwa kuwa bei ya chuma tunaijua sote.

Aliniuliza, “Fundi, boriti si hupasukia chini? Hizi za juu ni za nini?”

Badala ya kumjibu kwa akili yangu nikatoa simu. Programu ikachora tumbo moja zuri lililoshuka kati ya ukuta na nguzo, momenti kubwa kabisa ikiwa kilonyutoni-mita 40 katikati kabisa, na juu ya nguzo ikaandika sifuri. Nikamwonyesha mwenye nyumba, naye akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa chenji aliyokuwa amekwisha isahau. Halafu, Mungu anisamehe, nikampigia injinia simu mbele ya mafundi wangu wote, nikamwambia kuwa nondo zake za juu hazina kazi.

Injinia huyo ni kijana ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniambia, “Mzee wangu, hebu jumlisha nguvu za maegemeo, kisha uniambie umepata ngapi.”

Nikaangalia. Ukutani programu iliandika 40, na kwenye nguzo ikaandika 40, jumla 80. Boriti ina mita 6, na kila mita ina 20, kwa hiyo mzigo ni 120. Maegemeo lazima yasukume juu kwa kiasi kilekile ambacho mzigo unasukuma chini, la sivyo boriti nzima ingekuwa inaelekea ardhini wakati tunaongea. Zilikosekana kilonyutoni 40, na mimi, mwenye stashahada yangu iliyotundikwa ukutani nyumbani, sikuziona. Nilinyamaza kwenye simu muda ambao mafundi waliuelewa vizuri kuliko maneno.

Jioni nilikaa na karatasi ya mfuko wa saruji kama zamani. Ukichukua momenti kuuzunguka ukuta, mzigo wote wa 120 unakaa mita 3 kutoka hapo, hivyo nguzo inabeba 360 gawanya kwa 4, yaani 90, na ukuta unabaki na 30 tu. Nguvu ya mkato inaanza na 30, inapungua 20 kila mita, inafika sifuri kwenye mita 1.5, na hapo ndipo momenti ya kupinda kwenda chini inapofikia kilele chake, nacho ni 22.5 tu. Nguvu ya mkato inaendelea kushuka hadi 50 chini ya sifuri pembeni mwa nguzo, kisha nguzo inairusha hadi 40 juu ya sifuri, ruko la 90 kamili, ndiyo maana ringi za hapo, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo, hubanwa karibukaribu. Kwenye mita 3, bado mita 1 kabla ya nguzo, momenti inapita sifuri na boriti inageuza mgongo: kuanzia hapo hadi ncha ya roshani, upande unaovutwa ni wa juu. Na juu ya nguzo momenti hiyo ya kugeuza mgongo ni 20 mara 2 mara 2 gawanya kwa 2, yaani 40.

Namba hiyo hiyo 40! Nusu ya hasira yangu imekaa hapo. Programu iliitupa sehemu iliyochomoza, ikakokotoa mita 4 zilizobaki kama boriti ya kawaida, ikapata 40, na kwa bahati mbaya ya mizigo na urefu huo jibu lilifanana kabisa na jibu la kweli, isipokuwa limewekwa mahali pengine na upande mwingine. Mtu anayekumbuka namba bila kukumbuka inakaa wapi angeapa kuwa yuko sahihi. Tungezijaza nondo katikati ya sebule kwa ajili ya 40 ambayo haipo, na juu ya nguzo tungeacha zege peke yake, na zege hustahimili kubanwa, lakini likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Asiyeelewa achukue muwa, sisi wa upande wa Jinja tumeukuta kila mahali, auweke juu ya goti na kuzikandamiza ncha zote mbili: ganda la juu ndilo linalopasuka kwanza. Goti ndiyo nguzo. Sisi tunaofanya kazi hii tunakumbuka jengo lililoanguka Bwebajja mwaka 2004 na watu waliofia ndani yake, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ninakuza jambo dogo.

Niliwaandikia wenye programu. Nilianza kwa salamu, nikaeleza kwa adabu, nikaambatisha picha ya karatasi yangu. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, bila salamu wala pole: “Mzee, programu hii ni ya wainjinia. Fundi asiyeelewa jibu anashauriwa kumwuliza mkubwa wake.” Nimelisoma jibu hilo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya. Sikuwa nimeuliza maana ya jibu. Nilikuwa nimewaonyesha kuwa 40 na 40 si 120, na mtoto wa darasa la pili angenielewa.

Sasa inanibidi niseme lile ambalo nilitaka kuliacha. Mpwa wangu anayesoma chuoni aliichukua simu yangu na kuirudia kazi ileile mbele yangu, ikampa 30 na 90, pamoja na michoro sahihi mpaka ile sifuri ya mita 3. Tofauti ilikuwa kwamba yeye alianza kwa kuandika urefu wa boriti, mita 6, ndipo akaweka maegemeo. Mimi niliweka maegemeo kwanza, na programu ikachukulia kuwa boriti inakwisha penye egemeo la mwisho. “Mjomba,” akasema, “hapo kosa lilikuwa lako kidogo.”

Nilikubali, kwa saa moja hivi. Nikaanza hata kuwaandikia wenye programu barua ya kuwataka radhi. Kisha nikajiuliza: nilipouburuta mzigo kwa kidole hadi ncha ya mita 6, programu iliuona, kwa sababu mishale yote ilibaki imechorwa pale kwenye kioo. Iliuchora mzigo na ikakataa kuuhesabu, bila kunionya hata kwa neno moja. Boriti iliyochomoza imewahi kumkosesha hata Galileo, ambaye mwaka 1638 aliichambua ile iliyofungwa ukutani upande mmoja na akaipa nguvu mara tatu ya ile inayostahili, lakini angalau yeye hakuficha mzigo wowote. Barua ya radhi niliifuta.

Hata hivyo siwezi kusema ni programu mbaya. Nondo za juu zilifungwa kama injinia alivyochora, zege likamwagwa, mbao zikaondolewa, na roshani iko pale. Mwezi uliofuata nililipia tena, kwa siri, kwa sababu kwa boriti yenye mizigo minne ya nukta, yaani inayokandamiza mahali pamoja pamoja, na mzigo uliosambaa nusu tu, sijapata kitu kinachonirahisishia kazi kama hicho. Siku hizi kabla ya kuangalia mchoro wowote najumlisha nguvu za maegemeo kwa kalamu. Mafundi wananiona, na yupo mmoja ambaye kila akiniona hivyo huuliza kwa sauti ya upole kama namba zimetimia.

Mwanzo niliipa nyota moja. Baada ya mpwa wangu kunionyesha, nikaipandisha hadi tatu. Juzi, nikitafuta risiti ya malipo kwenye simu, nikakutana tena na lile neno “mkubwa wake”, nikaishusha hadi mbili.