Resident Alien sizoni ya kwanza, banda la Chikongola: tumeachwa kwenye mataa ila hela yangu sidai

Naanza na bei maana najua ndo mtauliza. Jioni moja ni jero, watoto mia mbili, ukitoa buku mbili mapema unaangalia sizoni nzima epsodi zote kumi, na ukitaka wakuwekee kwenye flashi ukaangalie kwako ni buku. Ni banda la kuonyeshea video, la bati, lipo Chikongola hapa Mtwara, ukisikia sauti ya mtafsiri inanguruma mpaka barabarani ujue umefika. Mabenchi ya mbao, feni moja, tivii ni ileile kubwa wanayoonyeshea mpira kwaiyo siku Yanga au Simba wana mechi sahau habari za muvi, utaambiwa njoo kesho, na kesho yenyewe inategemea mwenye banda kafungwa au kafunga.

Sasa mzigo wenyewe. Resident Alien ni tamthilia ya Wamarekani, ilianza kurushwa kwao Januari 2021 kwenye chaneli ya Syfy, na ni vichekesho vya kiumbe wa angani. Jamaa katumwa duniani kuua binadamu wote, chombo chake kinapigwa radi kinaanguka Colorado karibu na kamji ka milimani kanaitwa Patience, anamuua daktari mmoja aliyekua amejipumzikia kwenye nyumba yake kando ya ziwa, anavaa sura yake na jina lake, Harry, alafu anajifunza kuongea kwa kuangalia tamthilia ya polisi kwenye tivii. Anakaa zake kimya miezi kadhaa, mara daktari wa mji anakutwa amekufa, polisi wanaenda kumgongea yeye aje aichunguze maiti maana si ni daktari bwana. Hajui hata ini liko upande gani. Hapo tu banda zima lilikua chini, kuna mzee nyuma yetu akasema wa hivi nimeshatibiwa nao wengi tu, tukacheka upya.

Anayecheza Harry anaitwa Alan Tudyk. Mtu mzima, kazi ya kuigiza kaianza zamani, na kama una watoto nyumbani umeshamsikia bila kujua maana ndo aliyetoa sauti ya yule jogoo mjinga wa kwenye katuni ya Moana. Humu anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, hatua haimkai mguuni, mdomo unacheka macho hayacheki, na salamu anazitoa kwa kuchelewa. Kwa watu wa Pwani hiki cha salamu ndo kilituua. Mtu anapewa pole anaangalia tu! Sidhani kama walioandika waliwaza watazamaji wa Mtwara ila kwetu kila alipoingia mahali bila kusalimu kulikua na mtu gizani anamjibu "hujambo baba" na watu wanavunjika mbavu.

Alafu kuna pweza. Naomba nikae hapa kidogo. Kuna sehemu Harry yupo mgahawani anakuta pweza kwenye tangi la vioo, na wanaongea, maana kwa mujibu wa tamthilia hao viumbe wa angani na pweza ni ndugu. Sauti ya pweza ni ya Nathan Fillion, aliyewahi kucheza na Tudyk zamani kwenye tamthilia ya Firefly ya 2002. Fikiria unaonyesha kitu hicho Mtwara, ambako bamvua likija wamama wanashuka mwambani na vijiti kumtoa shimoni, na mlangoni pa banda palepale kuna jamaa na sufuria lake la supu ya pweza. Kulipuka kwa lile banda sijawahi kukuona hata kwenye penati. Mvulana mmoja alikua na kikombe cha supu mkononi, watu wakamgeukia wote, "mla shemeji wa Harry huyo!", na mpaka sizoni inaisha lilikua ndo jina lake. Wavuvi waliokaa upande wa ukuta wao walikua siriasi kabisa, wanasema hao jamaa hawajakosea, pweza ana akili, anabadilika rangi unamwangalia, ana mioyo mitatu, ukimsogelea vibaya anakutia wino anapotea, kama kuna samaki ametoka juu basi ni huyo. Mwingine akawakumbusha kwamba pweza sio samaki, ikawa ligi nyingine, mwenye banda akasimamisha muvi mpaka wanyamaze.

Kuanzia hapa namwaga mchezo wote mpaka mwisho, ambaye hajaangalia na hataki kujua aishie hapa akatoe jero yake.

Kitu kinachoibeba hii sizoni kwa maoni yangu ni ugomvi wa Harry na mtoto. Kila mtu mjini anaona daktari, ila kuna mtoto wa meya anaitwa Max, wa miaka tisa, yeye anamuona kiumbe alivyo, rangi yake na kichwa chake, na hakuna mkubwa anayemuamini. Harry toka epsodi ya kwanza anataka kumuua huyo mtoto. Anashindwa. Wanaishia kugombana kama watoto wawili wa darasa moja, kutishiana, kusemeana, huyu mwenye teknolojia ya kuvuka nyota anatukanana na mtoto wa baiskeli. Max anapata rafiki, Sahar, kabinti ka Kiislamu kana akili kuliko watu wazima wote wa Patience, na wakinamama wa banda letu walimpenda huyo mtoto kupita maelezo, kila akitokea wanasema "mwanangu huyo". Pembeni kuna Asta, nesi wa pale zahanati, dada wa kabila la wenyeji asilia wa Marekani, aliyezaa akiwa msichana mdogo akamtoa mtoto alelewe kwingine, na sasa mtoto kawa binti yupo palepale kwenye mji. Hapo kwa Asta hakuna kicheko, na tamthilia inajua kutulia ikifika kwake. Yeye ndo anakua rafiki wa kwanza wa Harry, na anakuja kumjua ni nani.

Polisi nao wapo, mkuu wao Mike anajiona sana na dada Liv anayemsaidia ndo mwenye kichwa cha kazi ila hasikilizwi. Sisi Mike tulimpa cheo cha OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, toka siku ya kwanza. Na anayemsaka Harry kwa upande wa jeshi ni jenerali mwanamke, kacheza Linda Hamilton, yule mama wa Terminator, alipotokea wazee walipiga makofi maana muvi zake wamezikuta enzi za kanda.

Basi epsodi ya mwisho. Banda lilijaa mpaka watu wamesimama dirishani, na wengi wao walikua hawajaona epsodi za kati, walisikia tu kwamba leo ni mwisho. Kwa kifupi Harry mwisho wa siku anaamua hatuui. Katumwa, kaacha nyumba yake huko juu kwa ajili ya kazi hiyo moja, na anaikataa kwasababu ya Asta na kile kimji. Anawasha chombo anaondoka. Muziki unashuka, chombo kinapanda, dunia inabaki chini, wamama wanajifuta macho, mi mwenyewe koo limekaza. Mara sauti ndani ya chombo. Harry anageuka, anafungua, kumbe Max kajificha humo.

Watoto wa benchi la mbele ndo walianza kupiga kelele, za furaha, wanarukaruka. Nyuma yao yule mama anayeuza vitumbua akasimama wima, "mtoto wa watu! mama yake je?" na hakua anatania, alishika kichwa. Harry mwenyewe kwenye skrini anatoa tusi moja la kukata tamaa, giza, majina yanapanda. Imeisha. Vijana wa mlangoni wakaanza kudai hela yao, "imeishaje sasa, kampeleka wapi, turudishie", mtu akapiga bati, wenye epsodi moja tu ndo walikua wakali kuliko wote.

Na hapo ndo naona hiyo epsodi iko vizuri kuliko watu walivyoitukana. Waliokaa toka mwanzo walicheka. Waliokuja kwa ajili ya mwisho peke yake hawakucheka, kwasababu kwao Max alikua mtoto yeyote kajificha kwenye gari. Kwetu sisi ni yule adui wa kwanza kabisa, aliyekua auawe usiku wa kwanza, ndo amebaki naye wawili tu angani na hakuna mlango wa kumtupia nje. Binadamu wote kawasamehe, anadhani kamaliza, kumbe yule mmoja anayemkera kuliko wote kaja naye. Huwezi kuiandika hiyo kwenye epsodi ya kumi kama hukuipanda ya kwanza. Kwaiyo ushauri wangu wa kihela kabisa, usitoe jero ya siku ya mwisho, toa buku mbili au kaa nyumbani.

Ila sio kwamba sina la kulalamika. Baada ya muvi tulihamia nje kwa muuza kahawa na yule mzee wa ini akaleta hoja ambayo mpaka leo haijajibiwa: huyu Harry kaua mtu, kavaa sura yake, kakaa nyumbani kwake, na mke wa marehemu alikuja akadanganywa humohumo ndani, leo asipotuua sisi wengine tumpigie makofi? Vijana wakamwambia babu hiyo ni komedi, akasema komedi sawa, marehemu ndugu zake nao wacheke? Na ukweli ni kwamba tamthilia inakimbia hapo. Inamfanya Harry apendeze haraka haraka ili ukifika mwisho usikumbuke ziwa. Ningependa angalau dakika moja ya hiyo safari ya kuondoka iwe ya kuujutia ule mwili wa kwanza. Haipo, na mi upande wa mzee nilikaa, japo nilicheka kama wengine.

Kitu kingine nilichokiwaza pale kwenye kahawa. Wamarekani hiyo epsodi waliiona tarehe 31 Machi 2021 na sizoni ya pili ikaja Januari 2022, yani wamekaa karibu miezi kumi wanajiuliza Max karudishwa au hajarudishwa. Hasira zao zilikua na mahali pa kukaa. Sisi hasira yetu ilidumu mpaka mwenye banda alipotoka na kusema sizoni ya pili ninayo, ya tatu ninayo, ya nne pia, maana tamthilia nzima ilishamalizika 2025. Wale waliokua wanapiga bati wakaanza kuuliza kesho saa ngapi. Kuachwa kwenye mataa kwa usiku mmoja kuna raha yake, ila nadhani kuna kitu wenzetu wamekipata ambacho sisi hatukipati, ya kukaa nayo, kubishana nayo kazini, kubuni majibu yako. Yule mama wa vitumbua peke yake ndo hakutaka kusubiri hata kesho, alitoa buku palepale akawekewa kwenye simu ajue mtoto karudi au la.

Huduma sasa. Mtafsiri, nani hata simjui maana alikuja na mzigo, ana kipaji, vichekesho vya Kimarekani ambavyo visingetufikia kavigeuza vikafika, waliokulia kwenye kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi wa zamani, watamkubali. Tatizo hajui kunyamaza. Asta analia, yeye anaongea. Chombo kinapaa, muziki ule mzuri, yeye anatusimulia kwamba chombo kinapaa, tunakiona kaka! Na tusi la mwisho alilifunika na kicheko chake mwenyewe, ikabidi mimi nikaitafute ya Kiingereza nisikie kilichosemwa. Mwenye banda naye ana tabia ya kurusha mbele kila wakikaribia kubusiana, sawa kuna watoto, lakini mke wa daktari alivyokuja pale nyumbani tulirushwa mpaka tukamkuta kashanuna na hakuna anayejua kwanini, tukabuni wenyewe. Spika ya kushoto inakwaruza, kaeni kulia. Joto mnalijua, na kuangalia theluji ya Colorado (wenyewe walipiga picha Kanada, mji unaitwa Ladysmith) huku jasho linatiririka ni adhabu ya aina yake. Umeme ukikatika jenereta lipo na kelele lake ni kubwa kuliko muvi.

Hayo yote nayavumilia kwa jero. Nikiwa na flashi yangu chumbani nisingemsikia yule mama, wala wavuvi na pweza wao, na epsodi kadhaa za katikati ambazo ukweli zinavutavuta ningezirusha.

Sizoni ya pili wanaanza wiki ijayo kama hakuna mechi, ina epsodi kumi na sita kwaiyo mwenye banda anataka buku tatu ya jumla, tumebishana naye kaishia buku mbili na nusu kwa waliomaliza ya kwanza. Fika kabla ya Isha, la sivyo utapangiwa nyuma ya nguzo. Na ukija na supu kaa mbali na benchi la katikati.