Mkopo wa kikundi wa marejesho ya wiki: maoni yangu kwa wanaotaka kuchukua

Naona dada zangu wengi wa sokoni mnauliza kama hii mikopo ya vikundi inafaa, ile ya kampuni zinazopita mezani zinasema mkopo hauna dhamana. Kampuni niliyochukua mimi siitaji ila utaratibu unafanana karibu kote: mnajikusanya watano, kila mtu anapewa hela yake, ila mnadhaminiana, asipoleta mmoja waliobaki mnachanga, na siku ya marejesho hakuna kutoka kwenye kikao mpaka hesabu itimie. Sasa hiyo ndo dhamana yenyewe jamani, ni nyie.

Hela inatoka haraka, hilo nawapa. Afisa mikopo ana heshima, fomu chache, hawataki hati ya nyumba.

Swali kubwa ni kama mtu atakubali kuumia kwa ajili ya wenzake. Mi nasema anakubali, nimeona. Mwenzetu mmoja mtoto wake alilazwa, wiki hiyo hana hata mia, mama muuza samaki akatoa hela yake ya kwenda kuchukulia mzigo soko la samaki Feri alfajiri ikaingia kwenye rejesho, na anajua kabisa kesho meza yake inaweza kukaa tupu. Hakuna aliyemlazimisha. Ila hao walikuwa wamechaguana wenyewe, wamezikana, wamechezeana ngoma, mmoja akianguka mwenzie anajua nyumbani kwake ni wapi.

Baadaye mmoja akatoka, afisa akatuletea mtu wa mtaa mwingine ili idadi itimie. Yule kachukua mkopo, kalipa kidogo, simu ikazimwa. Tukamlipia. Na kilichoniuma zaidi si ile hela, ni kwamba baada ya hapo kila mtu akaanza kuficha, ukiuliza biashara unaambiwa mbaya, hakuna tena wa kumbebea mwenzie, hata yule mama wa samaki kanyamaza.

Mtindo huu wa watano watano ulivuma kutoka Bangladesh, Grameen Bank ya Muhammad Yunus, wakapewa Nobel ya Amani 2006, na Grameen wenyewe siku hizi wanasema kila mtu deni lake ni lake, wenzie hawalipishwi. Huku kwetu kampuni nyingi bado zimeng'ang'ania kwenye kulipiana.

Kinachonikera ni hiki: hatari yote tunabeba sisi, riba yote inaenda kwao. Kwenye VICOBA, vile vikundi vyetu wenyewe vya kuweka na kukopeshana, mtu akikwama pia tunaumia, lakini riba inabaki kwenye sanduku na tukigawana mwisho wa mzunguko inarudi kwetu, na mfuko wa jamii upo kwa ajili ya mgonjwa na msiba. Kama kikundi chenu kimesajiliwa ulizieni kwanza halmashauri mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), ile haina riba kabisa, subira tu inahitajika.

Nyota mbili kati ya tano. Ukiwa na wenzako wanne ambao ungewakopesha hata bila kampuni, chukua, itakusogeza. Ila afisa akisema atakutafutia mtu wa kujazia, kataeni palepale, au ngojeni mpaka mumpate wenyewe, na muulize kabla ya kusaini mkimaliza kumlipia mtu ile hela mnaidai kwa nani na kwa karatasi gani.